Maumivu, Dawa na Fahamu ya Mgonjwa wa Saratani

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kawangware, Kangemi, Waithaka na Uthiru. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa. Mwisho kuna maswali ya kujadiliwa katika kikundi.)

 

Katibu wenu aliniambia nizungumze juu ya saratani. Nikamwuliza, "Upande gani wa saratani?" Akanijibu, "Ule wa mwisho, wa kule nyumbani. Ule wa kupimwa tumeshafundishwa." Basi nitafuata neno lake. Mambo ya kupimwa mapema yaendelee, wala msiyaache. Lakini leo tumfikirie yule mgonjwa ambaye madaktari wameshasema hatapona. Amerudishwa nyumbani. Anauguzwa na mke, ama binti, ama dada yake, na majirani wanapita jioni kumwangalia.

Watu wa namna hiyo si wachache. Kwa makadirio ya mwaka 2020, Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na saratani mwaka huo, na zaidi ya 27,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wetu tunafika hospitali tukiwa tumechelewa. Kwa hivyo, tupende tusipende, kila kikundi hapa kitamwuguza mtu wa saratani, kama hakijamwuguza tayari.

Swali linalogawanya familia

Nikitembelea nyumba za wagonjwa, liko swali moja ambalo nalisikia tena na tena. Halisemwi mbele ya mgonjwa. Linasemwa nje, karibu na mlango. Nalo ni hili: "Tumpe hiyo dawa kali, alale na kupotelewa na akili? Ama tumwache na maumivu, lakini awe macho, atujue, aongee na sisi?"

Msidhani wanaouliza hivyo ni watu wakatili. Wanauliza kwa sababu ya upendo. Kwetu sisi maneno ya mwisho ni kitu kizito. Mzee anataka kubariki watoto wake. Mama anataka kusema nani atamlea kitinda mimba. Kuna deni la kutajwa, kuna shamba la kugawanywa, kuna ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu kesi ya mpaka. Na mtu wa dini anataka kusali na kutengeneza mambo yake na Mungu akiwa na akili timamu. Yote hayo yanahitaji fahamu. Kwa hivyo swali ni la haki, na tusilidharau.

Lakini limeulizwa vibaya. Linatuambia tuchague kimoja kati ya viwili, maumivu ama usingizi. Kwa wagonjwa wengi uchaguzi huo haupo kabisa. Hebu tuone kwa nini.

Maumivu nayo huiba akili

Nani kati yenu amewahi kuumwa na jino usiku kucha? Naona mikono. Sasa niambieni, usiku ule uliweza kupanga mambo ya nyumba? Uliweza kusali sala ndefu? Mtoto akija na swali la shule uliweza kumjibu vizuri? Hapana. Ulikuwa macho, ndiyo, lakini akili yote ilikuwa kwenye jino.

Sasa chukueni hilo jino mliweke ndani ya mfupa wa mgongo, wala lisiondoke kwa wiki tatu. Huyo ndiye mgonjwa wetu. Macho yako wazi na familia inasema, "Afadhali anatujua." Lakini hali, halali, anakasirikia kila mtu, na ukimwuliza juu ya shamba anasema, "Niacheni." Hiyo si akili timamu. Maumivu makali yasiyotulizwa humfunga mtu ndani yake mwenyewe kama vile homa kali inavyomfunga.

Kwa hivyo tunapomnyima dawa ili tuilinde akili yake, mara nyingi ni ile akili yenyewe tunayoipoteza. Nawaomba mlishike hilo kwanza, halafu tuendelee.

Dawa yenyewe ni ipi?

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 1986 wa kutuliza maumivu ya saratani kama mtu anayepanda ngazi. Kidato cha kwanza ni dawa za kawaida kama paracetamol. Zikishindwa, cha pili ni dawa za nguvu ya kati kama codeine. Zikishindwa hizo, cha tatu ni mofini. Siku hizi daktari akiona maumivu ni makali sana anaweza kuanza juu moja kwa moja, lakini wazo la ngazi bado ni zuri kulikumbuka.

Mofini inatoka katika utomvu wa mmea wa afyuni, na imetumika kwa zaidi ya miaka 200. Hapa kwetu aina inayofaa zaidi nyumbani ni ya maji. Mfamasia huchanganya unga wa dawa na maji, na mgonjwa huinywa kwa mdomo. Hakuna sindano, hakuna mashine. Ni dawa ya bei nafuu ikilinganishwa na nyingi za saratani, na ni chungu mdomoni.

Kazi ya kutuliza maumivu namna hii ina historia yake hapa Nairobi. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na iko pale uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Dakt. Anne Merriman, ambaye alifanya kazi hapo mwanzoni, alivuka kwenda Uganda akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Kule mofini ya maji ikapata njia hadi vijijini, na mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa maalum kuiandika kwa mgonjwa bila kungoja daktari. Wote hao walifuata nyayo za Dakt. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967. Yeye alikuwa muuguzi kwanza, halafu mfanyakazi wa ustawi wa jamii, halafu daktari. Alifundisha kwamba dawa itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, na mgonjwa atabaki mtu mwenye akili zake.

Tusisahau hilo neno "kwa saa", maana hapo ndipo nyumba nyingi zinakosea.

Jinsi ya kuitumia ili akili ibaki

Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa karibu saa 4. Kwa hivyo hupewa kila baada ya saa 4. Wengi hupangiwa hivi: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na ile ya kulala saa 4 usiku. Mara nyingi daktari husema hiyo ya usiku iongezwe maradufu, ili mgonjwa na anayemwuguza wasiamke saa 8 za usiku. Kipimo chenyewe hupangwa na daktari, huanza kidogo na kupandishwa polepole mpaka maumivu yatulie. Kipimo cha jirani si chako.

Sasa kwetu nyumbani inakuwaje? Tunangoja. Mgonjwa anasema, "Inaanza kuuma." Tunasema, "Vumilia kidogo, dawa isiishe." Anaanza kulia, ndipo tunakimbia kutafuta kijiko. Ukingoja namna hiyo maumivu yameshakuwa moto wa nyumba nzima, na utahitaji maji mengi kuuzima. Ukiyamwagia yakiwa cheche, kikombe kimoja kinatosha. Basi mpe kwa saa hata kama anasema sasa hasikii uchungu. Hausikii kwa sababu dawa inafanya kazi.

Haya, na usingizi je? Nisiwadanganye. Siku 2 au 3 za kwanza, na kila kipimo kinapopandishwa, mgonjwa wengi husinzia. Familia huogopa hapo hapo na kuacha dawa: "Mnaona? Tuliambiwa itammaliza!" Ngojeni. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, mwili haujaizoea dawa. Ya pili, mtu huyu hajalala wiki nyingi, na sasa analipa deni la usingizi. Mara nyingi baada ya siku hizo chache anaamka, anaomba uji, anauliza habari za ng'ombe. Wale walioacha siku ya pili hawakuiona siku ya nne.

Kichefuchefu nacho huja mwanzoni na kwa kawaida hupungua. Kitu ambacho hakiondoki chenyewe ni choo kigumu. Mgonjwa anayekunywa mofini apewe pia dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na maji na matunda kama anaweza. Msilione hili jambo dogo la aibu. Tumbo lililofunga siku nyingi linaweza kumfanya mgonjwa aweweseke, na lawama yote ikaangukia mofini.

"Si hiyo ni dawa ya kulevya?"

Ndiyo, mofini imo katika sheria ya Kenya ya mwaka 1994 inayodhibiti dawa za kulevya. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu itumike kwa matibabu, ikiandikwa na daktari. Kisu cha jikoni na kisu cha mwizi ni chuma kimoja. Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo alichopangiwa, ni nadra sana kuwa mraibu. Haitafuti ili apate raha. Anaitafuta ili aweze kugeuka kitandani. Ila mwili wake huizoea, kwa hivyo isiachwe ghafla. Kama matibabu mengine yamepunguza maumivu, daktari ataipunguza polepole.

"Na si huzuia pumzi?" Ikipewa nyingi kupita kiasi, ndiyo, kama dawa nyingine zozote zinavyodhuru zikizidi. Ikianzwa kidogo na kupandishwa kwa utaratibu, ni salama. Lakini mjue dalili za kuzidi: usingizi mzito ambao hukuweza kumwamsha, pumzi za polepole sana, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano, misuli inarukaruka. Ukiziona, usimpe dozi inayofuata, piga simu kwa sista au daktari mara moja. Mgonjwa wa figo huzidiwa upesi, maana figo ndizo zinazoitoa dawa mwilini.

Na hofu kubwa kuliko zote: "Nilimpa kijiko saa 4 usiku, akafa alfajiri. Nilimwua mimi." Nimesikia mama akisema hivyo miaka mingi baadaye, bado analia. Sikilizeni vizuri. Mgonjwa aliye karibu kufa na anayekunywa dawa kila saa 4 lazima kutakuwa na dozi moja ambayo ni ya mwisho. Vile vile kuna uji wa mwisho na maji ya mwisho. Uji haukumwua. Saratani ndiyo iliyomwua, naye alikufa bila kulia kwa maumivu kwa sababu wewe uliamka ukampa kijiko.

Akili ikipotea kweli

Kuna wakati mgonjwa anaanza kuweweseka. Anaongea na watu waliokufa zamani, hajui kama ni mchana ama usiku, anataka kushuka kitandani. Msiseme upesi "ni mofini" na kumwaga chupa. Inaweza kuwa mofini, ndiyo. Lakini pia inaweza kuwa homa ya maambukizi, mkojo uliofunga, choo kilichofunga, kukosa maji mwilini, figo au ini kushindwa, chumvi za damu kuharibika, au ugonjwa umefika kwenye ubongo. Mengine hayo yanatibika hata kwa mtu asiyepona saratani. Mwite sista aangalie. Akiona ni dawa, anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, ama kuongeza nyingine ya kusaidia ili mofini ihitajike kidogo.

Wakati huo huo, nyinyi mnaomwuguza: acheni taa ndogo usiku, mwambieni jina lako kila unapoingia, msibishane naye juu ya anayoyaona, na asiachwe peke yake.

Ikibidi kuchagua

Sasa nije pale pagumu. Wako wagonjwa wachache ambao maumivu yao hayatulii bila usingizi kuongezeka. Hapo uchaguzi uko kweli. Je, nani achague?

Si mtoto wa kwanza. Si shemeji aliyekuja jana kutoka safarini. Ni mgonjwa mwenyewe. Tuseme yuko mzee huko Waithaka, na kijana wake anatoka Mombasa, atafika Jumamosi. Mzee anasema, "Punguzeni kidogo, nitavumilia mpaka nimwone." Hiyo ni haki yake, na daktari anaweza kumpangia hivyo. Mwingine anasema, "Mimi nimeshamaliza mambo yangu, nataka kupumzika." Hiyo pia ni haki yake. Lakini sisi tulioketi kando ya kitanda, tusiouma, hatuna haki ya kumchagulia uvumilivu.

Wengine husema mateso ni msalaba na usipunguzwe. Swali hili liliulizwa waziwazi Februari 1957, madaktari wa dawa za usingizi walipomwuliza Papa Pius wa 12. Alijibu kwamba Mkristo halazimiki kukataa dawa ya maumivu. Akasema inaruhusiwa hata kama itapunguza fahamu, na hata kama huenda ikafupisha maisha, mradi nia ni kutuliza maumivu, hakuna njia nyingine, na mgonjwa hajazuiwa kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa watu. Lakini akaonya pia: mtu asinyimwe fahamu bila sababu nzito. Naona hapo pande zote mbili za swali letu zimeheshimiwa. Mtu anaweza kujitwika msalaba wake mwenyewe akitaka. Kumtwika mwingine ni jambo tofauti.

Na kutuliza si kuua. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inalinda uhai wa kila mtu. Daktari anayempa mgonjwa kipimo kinacholingana na maumivu yake anatibu. Hata pale mwishoni kabisa, mateso yakishindikana kwa kila dawa, na madaktari wakaamua pamoja na mgonjwa au familia kumpa dawa ya kumlaza usingizi, wanapima kiasi cha kuondoa mateso tu. Hawapimi kiasi cha kuondoa uhai.

Zungumzeni mapema

Mnaona basi, dawa ya kweli ya swali hili ni kuzungumza mapema. Msingoje wiki ya mwisho. Siku ambayo mofini imeshika vizuri na mgonjwa ametulia, hiyo ndiyo siku ya kuita watoto. Mwulizeni: Ungetaka nani awe hapa? Kuna jambo linakusumbua moyo? Maumivu yakizidi ungetaka tufanyeje? Ungetaka kuuguzwa hapa ama nyumbani kwa wazazi? Majibu yaandikwe.

Na wosia je? Watu wananiuliza, "Anayekunywa mofini anaweza kuandika wosia?" Sheria ya urithi ya Kenya inataka mtu awe na akili timamu wakati anapoandika, yaani anajua anachofanya. Haisemi kwamba mtu anayetumia dawa hana akili. Wosia wa kuandikwa uwe na mashahidi wasiopungua wawili, na ni vizuri wawe watu wasiorithi. Wosia wa mdomo pia unakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini una nguvu tu kama mwenyewe atakufa ndani ya miezi 3. Fanyeni mapema, mchana, akiwa ametulia. Akikaa na maumivu mpaka dakika ya mwisho ndipo aitiwe mashahidi, hapo ndipo kesi zinapozaliwa.

Siku za mwisho

Nisiwafiche. Siku chache za mwisho wagonjwa wengi hulala zaidi na zaidi, wawe wanakunywa mofini ama hawanywi. Ni mwili unaofunga duka. Chakula hakitaki tena, miguu inakuwa baridi, pumzi inakuja na kupotea. Usingizi huo si wa dawa, wala kuacha dawa hakutamwamsha. Kutamrudishia maumivu tu, na sasa hana sauti ya kuwaambia. Angalieni uso: ukikunjamana, akigugumia mkimgeuza, bado anaumwa. Akishindwa kumeza, mwulizeni sista njia nyingine ya kumpa.

Na mwongeleshe. Wauguzi hufundishwa kumhesabu mgonjwa aliyelala kuwa bado anasikia, na hiyo ni desturi nzuri. Kwa hivyo msigawane mali juu ya kichwa chake. Semeni majina yenu, shikeni mkono wake, salini, imbeni wimbo anaoupenda. Lowesheni midomo yake na kitambaa safi.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba kati ya hospitali za serikali karibu 250 nchini, ni 7 tu zilizokuwa na mofini. Tangu wakati huo hospitali nyingi za serikali zimefungua vitengo vya kutuliza maumivu, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitaja huduma hiyo. Kuna pia muungano wa hospisi na huduma hizo nchini, unaoitwa KEHPCA, unaoweza kumwelekeza mtu mahali pa karibu. Lakini bado kuna mgonjwa anayepewa paracetamol na kuambiwa, "Nenda ukapumzike." Yeye hawezi kudai. Kikundi kinaweza.

1. Ulizeni pamoja. Watu wawili wa kikundi waandamane na familia kwenda kliniki na waulize wazi: "Mgonjwa huyu anaumwa sana. Je, anafaa kupewa mofini? Kama hapa hakuna, mtuandikie barua ya kwenda wapi?"

2. Nauli. Mtu wa Kangemi au Uthiru akienda Kenyatta kuchukua dawa anapanda gari mara mbili, kwenda na kurudi. Wekeni fungu dogo katika merry-go-round yenu kwa kazi hiyo. Na aende mzima, si mgonjwa, kama hospitali inakubali.

3. Daftari. Nunueni daftari la shule. Andikeni saa ya kila dozi, kiasi, nani aliyetoa, maumivu yakoje kati ya 0 na 10, na choo alienda lini. Sista akija na kukuta daftari hilo anafanya kazi mara tatu kwa haraka.

4. Zamu. Anayeuguza naye ni mtu. Wapangeni watu wa kulala pale usiku mmoja mmoja, ili binti yule apate kulala.

5. Kuhifadhi. Chupa iwekwe mahali pa baridi pasipo na jua, mbali na watoto, na kama inawezekana ifungiwe. Asipewe mtu mwingine hata kama anaumwa vipi. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki irudishwe ilikotoka.

6. Msimhukumu. Kama familia imekubali dawa, jirani asije kusema kanisani kwamba wamemlaza mzee wao ili wamrithi. Maneno ya namna hiyo yamewafanya watu wengi wafe wakilia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama mmoja na chupa moja ndani ya chumba kimoja anaogopa, na ana sababu ya kuogopa. Akiwa na watu sita nyuma yake, daftari mezani na namba ya sista ukutani, hofu inapungua, na mgonjwa wake anapata vyote viwili: mwili uliotulia, na akili ya kusema yale anayotaka kusema. 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani sasa anauguza mgonjwa wa maumivu makali? Tumemtembelea lini?
2. Hospitali au kliniki ya karibu yenye mofini ni ipi? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?
3. Mimi mwenyewe nikiugua hivyo, ningetaka niwe macho ama nipumzike? Nimemwambia nani?
4. Tutatenga pesa ngapi za nauli kila mwezi, na nani atazishika?